Look for ni neno moja, si mawili

Ukijifunza Kiingereza, acha kukariri look peke yake. Iandike daftarini pamoja na kihusishi chake kana kwamba ni neno moja, na mbele yake uweke kitenzi kimoja tu cha Kiswahili: look at, tazama; look for, tafuta; look after, tunza; look into, chunguza. Nimeanza kufanya hivi baada ya kusahihishwa tena na tena kwa kuandika "I am looking my keys" badala ya "I am looking for my keys". Sisi wasemaji wa Kiswahili huliangusha hilo for kwa sababu tafuta inajitosheleza, haihitaji neno la kuisindikiza. Ukilikariri likiwa limeshikana na look, haliachwi nyuma.

Mbinu hii hukwama kwenye look up. Ikiwa na maana ya kutafuta neno kwenye kamusi, kiwakilishi huingia katikati: look it up, kamwe si look up it. Look after haikubali kutenganishwa hivyo. Ni look after it. Halafu look up hiyohiyo yaweza kuwa kuinua macho tu, na hapo daftari halikusaidii, soma sentensi nzima.