Somo: Kupiga kura ya jimbo Minnesota, hatua kwa hatua

Ndugu zangu, Jumanne ya Novemba 3, 2026 Minnesota inachagua gavana na viti vyote 201 vya bunge la jimbo. Wengi wetu hujitokeza kwa kura ya rais, hii ya jimbo tunaipita. Lakini sheria za leseni ya udereva, pesa za shule za watoto wetu na likizo yenye malipo ya kumuuguza mzazi huamuliwa St. Paul, makao ya bunge la jimbo. Mwaka 2024 huko Shakopee, kiti kimoja cha ubunge kiliamuliwa kwa tofauti isiyofika kura 20. Mwaka huohuo wapiga kura wa Brooklyn Park walimpeleka bungeni Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya. Kura chache zina uzito hapa.

Hatua ya kwanza: uhakikishe uraia wako

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa hili limeumiza familia ninazozijua. Anayepiga kura ni raia wa Marekani, aliyetimiza miaka 18, aliyeishi Minnesota angalau siku 20. Mwenye grinikadi (kibali cha ukaazi wa kudumu) si raia, hata kama ameishi miaka ishirini na analipa kodi zote. Aliyefaulu mtihani wa uraia lakini hajala kiapo, naye bado. Tangu Oktoba 2023 mtu hupata leseni ya udereva hapa bila kuulizwa hali yake ya uhamiaji, kwa hiyo leseni mfukoni haithibitishi chochote. Fomu ya kujiandikisha ni kiapo. Ukitia sahihi kwamba wewe ni raia na si kweli, unaweza kushtakiwa na hata kurudishwa ulikotoka. Usikubali mtu akujazie fomu sokoni au kanisani huku akikuambia "weka sahihi hapa tu". Isome, au asomewe asiyejua.

Hatua ya pili: jiandikishe

Ukijiandikisha angalau siku 21 kabla ya uchaguzi, siku yenyewe huhitaji kuonyesha kitambulisho. Unataja jina na anwani, unatia sahihi. Hawapaki wino kidoleni kama nyumbani.

Ukichelewa, jiandikishe palepale kituoni. Beba leseni yenye anwani ya sasa. Kama anwani ni ya zamani, ongeza bili ya simu au umeme, au mkataba wa kupanga. Bili unaweza kuionyesha hata kwenye simu. Huna karatasi yoyote? Jirani aliyejiandikisha katika eneo la kituo hichohicho anaweza kuja nawe akaapa kwamba unaishi hapo. Mtu mmoja anaruhusiwa kuwadhamini hadi watu wanane, ila wewe uliyedhaminiwa huwezi kumdhamini mwingine siku hiyo.

Ukihama nyumba, hata mtaa wa pili, jiandikishe upya. Huo ni wajibu wako.

Hatua ya tatu: chagua siku yako

Kura ya mapema huanza siku 46 kabla, na huulizwi sababu. Kwa wanaofanya shifti mbili kwenye nyumba za wazee, hii ndiyo njia ninayowashauri. Ukituma kwa posta, bahasha iwe imefika kufikia saa mbili usiku siku ya uchaguzi. Muhuri wa posta pekee haukusaidii.

Hatua ya nne: kituoni

Vituo vingi hufunguliwa saa moja asubuhi, na kufungwa saa mbili usiku. Ukiwa umeshasimama kwenye foleni kabla ya saa mbili, utapiga kura hata kama zamu yako itafika saa tatu. Usiondoke. Jirani yangu aliondoka akiona saa imefika, na hakuna aliyemwambia.

Ukikosea karatasi ya kura kabla ya kuiingiza kwenye mashine, omba nyingine. Fulana au kofia ya mgombea iache nyumbani. Na kama kuna swali la kurekebisha katiba ya jimbo, ukiliacha wazi linahesabiwa kama umesema hapana. Haki zako zimebandikwa kituoni. Unaweza kuingia na nakala ya haki hizo, pamoja na karatasi ya kura ya mfano uliyoijaza nyumbani.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, bosi anasema nitumie siku yangu ya likizo nikapige kura.*
Hapana, ndugu yangu. Sheria inakupa muda wa kwenda, kupiga kura na kurudi kazini bila kukatwa mshahara wala likizo. Anachoweza kudai ni umwambie mapema utatoka saa ngapi.

*Mama yangu ameapa uraia mwaka huu, ila Kiingereza hasomi.*
Hongera kwake! Aingie na mtu anayemwamini, hata wewe. Asiwe mwajiri wake au wakala wake, wakala wa chama cha wafanyakazi, wala mgombea. Wewe soma na utie alama anapotaka yeye. Ukimchagulia, umemnyang'anya kura.

*Nina grinikadi na nadhani nilitia sahihi fomu ya kura. Nifanyeje?*
Usipige kura. Tafuta wakili wa uhamiaji kabla hujaomba uraia, na usiandike barua ya kujieleza kabla hajaisoma.

*Kaka yangu raia alifungwa, sasa yuko nje kwa uangalizi wa mahakama. Anaruhusiwa?*
Ndiyo. Tangu Juni 1, 2023, asiyekuwa gerezani kwa kosa kubwa anapiga kura, hata kama hajamaliza kipindi cha uangalizi. Ajiandikishe upya kwanza.

*Sina wa kuniachia watoto, dada.*
Nenda nao, mpaka ndani ya kibanda.