Somo: Vidonge vya nguvu za kiume, namna ya kuvitumia bila kuhatarisha maisha

Wakuu, naandika hili somo kwa sababu watu wengi wanameza hivi vidonge kimyakimya, rafiki anakupa kimoja kwenye karatasi, unameza, huulizi chochote. Kidonge chenyewe kikitumika vizuri hakina shida kwa wanaume wengi, shida inaanza kikikutana na dawa nyingine mwilini au na moyo unaoumwa na mwenyewe hujui. Mwenye haraka asome hatua ya pili, nyingine atarudi baadae.

Hatua ya 1: Pima kwanza
Presha, sukari, na umwambie daktari ukweli wote. Mishipa ya damu ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwahiyo mishipa ikianza kuziba uume ndo unaweza kuonyesha dalili mapema, wakati mwingine miaka kabla ya kifua kuuma. Mtu anasema amerogwa au amezeeka kumbe ni kisukari. Ukimeza kidonge mambo yakawa freshi usiku huo, ugonjwa wenyewe bado upo unaendelea chini kwa chini. Kama umepata shambulio la moyo au kiharusi ndani ya miezi 6, au moyo wako bado haujatulia, usiguse mpaka daktari akuruhusu.

Hatua ya 2: Taja kila dawa unayotumia
Hapa ndo watu wanakufa. Kuna dawa za maumivu ya kifua za kundi la naitreti, zile za kuweka chini ya ulimi au kupuliza mdomoni, na vidonge vya isosobidi. Zinatanua mishipa ya damu, na kidonge cha nguvu za kiume nacho kinatanua, vikikutana presha inaporomoka ghafla mtu anazimia na anaweza asiamke. Hamna dozi ndogo wala cha kusema nitameza nusu, HAVICHANGANYWI. Popazi, ile kemikali ya kunusa kwenye vichupa, ni walewale.

Na kifua kikikubana baada ya kumeza, acha tendo, kimbia hospitali na useme wazi umemeza nini na saa ngapi, maana ukinyamaza kwa aibu wanaweza kukupa naitreti. Ukimeza sildenafili (ndo Viagra) lazima yapite angalau masaa 24 kabla ya kupewa naitreti, ukimeza tadalafili (Cialis) 48.

Dawa nyingine za kutaja: za tezi dume kama tamsulosini (presha inaweza kushuka), ARV zenye ritonavir, za fangasi kama ketokonazo, na antibayotiki kama erithromaisini. Hizi tatu za mwisho zinafanya kidonge kikae kwenye damu kwa wingi kuliko kawaida, juisi ya balungi nayo inaweza kufanya hivyo, kwahiyo dozi inabidi ipangwe upya.

Hatua ya 3: Dozi na muda
Sildenafili wengi wanaanzishiwa miligramu 50, mwenye zaidi ya miaka 65 au shida ya ini au figo kali mara nyingi 25. Unameza kama saa moja kabla, mara moja tu ndani ya masaa 24, na mwisho ni 100. Ukila mafuta mengi inachelewa. Tadalafili wengi wanaanza na 10 na inaweza kusaidia mpaka masaa 36, ipo pia ya kila siku ya 2.5 au 5. Chagua moja, usichanganye mbili.

Hatua ya 4: Jua dalili
Kichwa kuuma, uso kuwaka, pua kuziba, kiungulia, vinatokea na vinapita. Kuona vitu kama vina ubluu pia hutokea. Ila uume ukisimama zaidi ya masaa 4, au jicho au sikio likipoteza uwezo ghafla, usisubiri asubuhi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu mi nina presha natumia dawa kila siku, ndo basi tena?
Hapana kaka. Presha ikiwa imetulia wengi wanatumia vizuri, cha msingi daktari aone dawa zako zote na moyo wako.

Nilimeza 50 nikakaa nasubiri, hamna kitu. Niongeze nyingine?
Usiongeze siku hiyohiyo. Kidonge hakisimamishi chenyewe, lazima uwe na hamu na mwenzako awepo kwenye mchezo, ukikaa unaangalia saa hakitafanya kitu. Pombe nyingi nayo inaharibu. Jaribu siku tofauti mara kadhaa kabla ya kusema imegoma, af rudi kwa daktari.

Za mitishamba si salama zaidi?
Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imekuta mara nyingi bidhaa zinazouzwa kama za asili zina sildenafili ndani bila kuandikwa. Yaani mgonjwa wa moyo anaikwepa dawa halafu anainywa kwenye kopo la mizizi. Mi naziogopa hizo kuliko kidonge chenyewe.

Nina 24 sina tatizo, nataka tu kukaza.
Mdogo wangu achana nayo. Ukizoea utaanza kuogopa kwenda bila kidonge, na hofu hiyo peke yake inaweza kukuangusha. Halafu hakizuii mimba wala magonjwa, kondomu ipo palepale.

Mume wangu anameza kwa siri na ana dawa za moyo, nimeviona mfukoni. Nifanyeje?
Dada yangu usisubiri siku nzuri ya kuongea, mwambie leo leo na kabla hajameza kingine. Usianze na ugomvi wa kwanini kaficha, chukua pakiti ya vidonge na dawa zake za moyo mpeleke navyo kwa daktari au mfamasia. Akigoma nenda navyo wewe, waulize kama mojawapo ni naitreti.