Tope la kuchorongea halipimwi kwa lita tu

Dereva wa tanki, kabla hujawasha gari uliza uzito wa tope la kuchorongea (majimaji mazito ya kuchimbia visima) kwa lita. Lita 10,000 za maji ni tani 10, lakini tope lililokolezwa baraiti (unga wa madini mazito) hadi kilo 1.8 kwa lita ni tani 18. Ndiyo maana tanki huondoka halijajaa, na hapo ndipo roho hupotea: ukikata kona, tope lote hukimbilia upande mmoja, magurudumu ya upande wa pili yakaachana na barabara. Punguza mwendo kabla ya kona, usingoje uwe ndani yake. Tanki lenye vyumba ni bora zaidi, tafadhali lidai.

Na magunia ya soda kali (kemikali inayounguza, huchanganywa kwenye tope hilo) yasipakiwe pamoja na asidi, wala yasilowe. Yakipata maji hutoa joto kali.