SOMO: Breki za baiskeli ya gia, kabla hujashuka Mwanga

Wakuu habari za muda huu. Naona maswali ni ya gia tu, gia inaruka, gia haipandi, nifunge friwili ya meno mangapi. Tutafika huko, ila kwa sisi wa Kigoma gia isubiri kwanza. Gia mbovu itakushusha usukume baiskeli kupanda Mwanga, mtaa wetu wa huko juu, utatoka jasho na watoto watakucheka, basi yameisha. Breki mbovu haina mchezo huo. Mji wetu umekaa kwenye mteremko, ziwa liko huko chini, kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na sisi wengi tunalala huko juu, kwahiyo asubuhi ukitoka unashuka, mjini, stesheni, Kibirizi, unashuka tu, na asubuhi ndo mtu ana haraka.

Hapa naongelea breki za mikono miwili inayobana rimu kwa pembeni, V-breki, maana ndo zimejaa kwenye mauntenbaiki za mtumba. Za diski ulizeni chini.

Vifaa: alenki (ufunguo wa pembe sita) namba 5, bisibisi ya nyota ndogo, plaizi, kipande cha msasa, pini, sabuni na tambara safi. Tambara safi nimesema, sio lile la kufutia mnyororo.

HATUA YA 1. Jua mkono gani ni wa mbele

Hii watu wanairuka na ndo inavunja watu meno. Baiskeli za mtumba zinatoka nchi tofauti na kila nchi ina mpangilio wake. Za Japani na Uingereza kwa kawaida breki ya mbele iko mkono wa kulia, za Marekani na sehemu kubwa ya Ulaya ya mbele iko kushoto. Sasa wewe umezoea ya Japani, leo umeazima ya mshkaji iliyotoka Ujerumani, mbuzi anakatiza unabana kwa mazoea ukijua unabana ya nyuma, kumbe ni ya mbele, gurudumu linafunga kwenye changarawe na wewe unapita juu ya hendeli. Bana mkono mmoja wa kwenye hendeli, sukuma baiskeli, angalia gurudumu lipi limegoma. Kama hupendi upande uliopo badilishana waya, ni kazi ndogo, alafu baiskeli zote za hapo nyumbani ziwe hivohivo.

HATUA YA 2. Gurudumu na rimu

Geuza baiskeli, isimame kwa siti na hendeli, zungusha gurudumu huku unaangalia nafasi kati ya rimu na raba za breki. Ikiwa rimu inayumba kushoto kulia peleka kwa fundi akaze spoku kwanza, usijisumbue kuseti breki kwenye rimu inayocheza, utaiweka sawa hapa itagusa pale. Hakikisha na nati za gurudumu zimekaza.

Alafu osha rimu kwa maji na sabuni, pande zote mbili, pale raba inapogusa. Usitumie dizeli wala mafuta ya taa. Najua mafundi wengi wanasafishia humo na inang'aa kweli ila inaacha utando wa mafuta, na breki ya rimu na mafuta haviivi chungu kimoja.

Ikikauka pitisha kidole. Rimu isiyolika uso wake umenyooka, ukisikia umebonyea ndani, kidole kinazama kidogo, ujue rimu imelika na siku moja ukingo utafunguka tyubu ikiwa imejaa upepo. Rimu zingine zina mfereji mwembamba au kitundu cha alama, kikipotea ndo mwisho wake. Na kama rimu zako ni zile za chuma zinazong'aa, sio aluminiamu, jua kabisa mvua ikinyesha zinateleza hata raba ziwe mpya.

HATUA YA 3. Raba

Bana ile mikono miwili ya breki iliyo kwenye gurudumu kwa kiganja chako ije karibu, chomoa kile kibomba kilichopinda kinachopitisha waya, breki inafunguka yenyewe. Fungua raba kwa alenki.

Sasa zigeuze uangalie uso wake kwenye jua. Utaona vitu vinameta. Wengine wanadhani ni mchanga, mwingine ni mchanga kweli wa huku kwetu, ila vile vinavyong'aa sana ni vipande vya rimu yako mwenyewe. Mchanga unanasa kwenye raba, unachimba aluminiamu, aluminiamu inanasa kwenye raba nayo inachimba zaidi, na ndo maana ukishuka unasikia ile sauti ya kukwaruza, krrrr, mtu anasema breki kali hii. Sio kali, inakula rimu. Chukua pini uchokonoe kimoja kimoja mpaka viishe, vingine vimezama vinatoka vikiwa na ncha kama sindano. Alafu sugua uso wa raba kwenye msasa mpaka ule mng'ao mweusi uondoke ubaki weusi mfu.

Raba ina mifereji ya kukatiza. Mifereji ikiisha tupa, usiseme bado ina nyama, chini ya hiyo nyama kuna chuma.

HATUA YA 4. Kufunga raba

Raba nyingi zina mshale, unaelekea mbele, upande gurudumu linakozungukia. Iweke igonge rimu tupu. Ikipanda juu ikigusa tairi itatoboa tairi pembeni, na tairi likitoboka pembeni hamna kiraka. Ikishuka chini ya rimu itajichimbia kibaraza kisha siku moja inapita chini inaingia kwenye spoku.

Ujanja mmoja: kata kikaratasi kigumu, cha boksi la dawa ya mswaki kinatosha, kikunje uweke chini ya ncha ya nyuma ya raba, bana breki, kaza alenki, toa karatasi. Hapo ncha ya mbele inagusa rimu kwanza kabla ya ya nyuma, tofauti kama milimita 1. Hiyo ndo inaondoa kelele. Wale ambao mkishuka mtaa mzima unajua mmeshuka, dawa ndo hiyo.

HATUA YA 5. Waya

Chomoa waya uangalie. Ukiona uzi hata mmoja umekatika karibu na mkono wa breki wa kwenye hendeli badilisha wote, usikate ukafupisha. Kama umeshika kutu ndani ya bomba badilisha na bomba. Ukiwa mzima futa, tone la oili nyepesi, rudisha. Kaza uache nafasi kama milimita 1 kila upande kati ya raba na rimu.

Upande mmoja ukigusa na mwingine uko mbali usipinde mkono wa breki wa kwenye gurudumu kwa plaizi jamani. Kuna kiskrubu kidogo chini ya kila mkono. Upande unaogusa rimu, kaza chake kulia nusu mzunguko, springi inauvuta mbali. Ikizidi legeza cha upande wa pili. Cheza navyo hivyo taratibu.

HATUA YA 6. Jaribu ukiwa chini

Rudisha kibomba mahali pake, hii msisahau. Bana kila mkono wa kwenye hendeli kwa nguvu zako zote mara nyingi, kama waya ni wa kuteleza uteleze hapo nyumbani. Mkono usiguse hendeli. Simama pembeni, bana ya mbele, sukuma baiskeli mbele, gurudumu la nyuma linatakiwa linyanyuke. Bana ya nyuma, sukuma, gurudumu la nyuma liburuzike bila kuzunguka. Ikishindwa hapo haitaweza na wewe ukiwa juu yake. Alafu zunguka kidogo sehemu tambarare ndo ushuke.

KUSHUKA KWENYEWE

Spidi ikiwa mara mbili, umbali wa kusimama toka ubane breki unakuwa mara nne. Yaani kutoka km 20 kwa saa kwenda 40 sio "mara mbili tu", kwahiyo punguza mapema kabla hujaanza kuvutwa. Usibane mfululizo kutoka juu mpaka chini, rimu inachemka, viraka vinaachia gundi na tyubu inaweza kupasuka. Bana kwa nguvu muda mfupi, achia, bana, achia. Makalio nyuma ya siti, pedali mbili usawa mmoja, vidole viwili kwenye kila breki muda wote. Kona breki unamaliza kabla hujaingia, ukiwa ndani ya kona yenye changarawe usiguse ya mbele.

Wanaopenda kwenda mbali, Mwandiga mpaka Manyovu ni km 60 za lami na kurudi unashuka mno, utamu wake siwezi kuusimulia, ila hiyo safari usiende na raba zilizobaki nusu.

Maswali karibuni.

—

Dagaa Mbichi: Mkuu somo safi. Mimi nabeba dumu la mawese nyuma mara kwa mara kutoka Mwandiga, breki hizo zinatosha?

*Jibu:* Dumu la lita 20 la mawese ni kama kilo 18, na liko juu ya gurudumu la nyuma, kwahiyo ya nyuma inakuwa na mshiko mzuri kuliko kawaida ila umbali wa kusimama unaongezeka. Madumu mawili shuka miteremko mikali kwa miguu, sikutanii. Lifunge kwa mpira wa tyubu lisicheze, likiyumba kwenye kona linakuvuta wewe. Na mfuniko ukivuja yakashukia rimu ya nyuma, breki ya nyuma huna tena.

Mha wa Gungu: Mwakeye wakuu. Mnyororo mimi napaka hayohayo mawese, ni bure nyumbani, kuna ubaya?

*Jibu:* Mwakeye ndugu. Mawese yanaganda yakipoa na vumbi letu lote linakaa pale, baada ya wiki una uji mweusi unaosaga meno ya gia. Weka oili ya cherehani au ya injini kidogo, subiri, alafu futa yote ya nje. Inayofanya kazi ni ya ndani.

Binti Ujiji: Shikamoo kaka. Mimi baiskeli yangu ina diski, ni ya mtumba, ikibana inalia na haisimami. Niliambiwa nipake oili kidogo kelele iishe.

*Jibu:* Marahaba dada. Aliyekwambia hivyo asiishike tena baiskeli yako! Diski ikiguswa na oili pedi zinanyonya na hapo ndo haisimami kabisa, nahisi yako ishaguswa. Safisha diski kwa spiriti na tambara jipya, usiiguse kwa vidole. Pedi zitoe uzisugue msasa, zikikataa nunua mpya. Kama breki ni za maji, yaani zinasukumwa na mafuta ndani ya bomba badala ya waya, usibane mkono wakati gurudumu limetolewa, pedi zitakutana na utapata kazi ya kuzitenganisha. Na mafuta yake usichanganye, za Shimano zinatumia mafuta ya madini, kampuni zingine zinatumia DOT kama ya gari, ukikosea raba za ndani zinavimba. Ukitoka kushuka mlima usiguse diski, inaunguza.

Fundi Msaidizi: Mkuu unasema vidole kwenye kila breki, yaani hata ya mbele itumike, sisi tumefundishwa tangu watoto ya mbele ni ya kuua.

*Jibu:* Kwenye lami kavu ya mbele ndo inasimamisha kwa sehemu kubwa, kwasababu ukibana uzito wote unakimbilia mbele na nyuma inabaki nyepesi, ndo maana ya nyuma peke yake inaburuza tu. Inaua ikishikwa ghafla, mwili ukiwa mbele, au kwenye mchanga. Ishike taratibu ukiongeza, makalio nyuma. Fanya zoezi sehemu tambarare.

Mzee wa Mlole: Vijana mna mambo. Mimi Phoenix yangu breki za nondo, inanipeleka sokoni miaka yote. Na kijana wangu ana ya Kizungu unakanyaga pedali nyuma ndo inasimama, hiyo vipi?

*Jibu:* Shikamoo mzee wangu. Ya nondo raba zake zinagusa rimu kwa ndani, usafi ni uleule wa sabuni na msasa, ila mvua ikinyesha shuka utembee, na najua unafanya hivyo tayari. Ya kukanyaga nyuma ni nzuri sana Ujiji kule kulikonyooka. Kwenye mteremko mrefu habu (kitovu cha gurudumu) inachemka, grisi inaungua, breki inapotea. Pia mnyororo ukitoka breki imetoka nao, kwahiyo kijana afunge na ya mkono mbele.

Dagaa Mbichi: Masika je? Tope la njia za ndani linamaliza raba wiki mbili.

*Jibu:* Ni kweli, tope ni msasa tosha, ile supu ya kijivu inayotiririka kwenye rimu ni rimu yenyewe. Beba chupa ya maji umwagie rimu kabla ya mteremko mrefu. Rimu ikiwa imelowa mizunguko ya kwanza haishiki, raba inafuta maji kwanza, kwahiyo gusa breki mapema ukiwa bado hujazihitaji. Na pini ile ya hatua ya 3 ipite kila ukirudi.

Binti Ujiji: Asante kaka. Swali la mwisho, mdogo wangu ana hizo V-breki, nikienda dukani niseme nataka raba gani? Juzi nimenunua hazikuingia.

*Jibu:* Nenda na ya zamani mkononi. Angalia mguu wake, kama una michirizi ya nati ni za V-breki, kama mguu ni laini mtupu ni za breki za zamani za kamba ya katikati, hizo ndo wamekupa. Hesabu na washa, zinatakiwa nyembamba na nene kila upande, nyingi dukani zimechanganywa. Zile zilizokataa usitupe, wenye baiskeli za zamani wapo kibao watazinunua.