Kusafisha kutu ya vishimo kwenye kromu kwa leza

Leza inaondoa kutu, haizibi shimo. Mwambie mteja hivyo kabla ya kuwasha mashine, maana kishimo kikishasafishwa huonekana kikubwa kuliko mwanzo. Kutu hutambaa chini ya kromu na kuinyanyua. Ikitoka, ukingo uliobaki ukielea hukatika. Unachoachiwa ni doa la kijivu la chuma kitupu, limezungukwa na kromu inayong'aa.

Jua unasafisha kromu ipi

Kromu ya urembo ya bampa, rimu na ekzosi haifiki hata mikroni moja, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Mara nyingi ni nusu yake au chini. Kinachokinga chuma hasa ni nikeli iliyo chini yake, mikroni 10 hadi 40. Kromu ngumu ya mabomba ya shokapu za mbele za pikipiki na fimbo za haidroliki ni nene zaidi, kuanzia kama mikroni 20, na kwa kawaida imepakwa moja kwa moja juu ya chuma. Zote zina nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho. Chumvi na unyevu hupenya humo, na ndiyo maana pikipiki za Tanga, Mombasa au Unguja huota vishimo mapema kuliko za bara.

Weka sumaku. Ikishika kwa nguvu, chini kuna chuma na kazi inawezekana. Isiposhika, huenda ni plastiki, kama fremu nyingi za taa, au zinki ya kumimina kwenye kalibu, kama vitasa vya milango ya magari ya zamani. Plastiki itaungua. Zinki haitoi kutu nyekundu, huvimba malengelenge yenye unga mweupe, na hapo leza itabandua kromu bila kukuletea faida yoyote.

Kisha jaribu njia ya bei rahisi: kunja karatasi ya alumini ya jikoni, ichovye majini, sugua doa. Alumini ni laini kuliko kromu, haiachi mikwaruzo. Doa likitoka na ukucha ukapita bila kukwama, huhitaji leza. Asidi ya haidrokloriki, ile ya kutolea saruji kwenye vigae, usiikaribishe kabisa: inayeyusha kromu yenyewe.

Mashine na vipimo

Inayofaa ni leza ya faiba ya mapigo, yaani inayotoa mwanga kwa vipande vifupi sana badala ya mfululizo: urefu wa wimbi nanomita 1064, wati 100 hadi 200, yenye mapigo ya nanosekunde. Mashine za mwanga mfululizo za wati 1500 zinazouzwa kwa kazi tatu, kuchomelea, kukata na kusafisha, hazifai hapa. Zinapasha chuma chote, na kromu inageuka rangi kabla kutu ya ndani ya kishimo haijatoka.

Njia hii inafanya kazi kwa sababu kutu hunyonya mwanga wa leza wakati kromu huurudisha sehemu kubwa. Kwa hiyo kipo kiwango cha nguvu kinachorusha kutu na kuiacha kromu salama. Kukipata kunataka hesabu ndogo. Gawa wati kwa idadi ya mapigo kwa sekunde: 20 W kwa 40 kHz (mapigo 40,000 kwa sekunde) ni juli 0.0005 za nishati kwa kila pigo. Doa la mwanga lenye kipenyo cha 0.25 mm lina eneo la kama 0.05 mm², kwa hiyo unapiga karibu juli 1 kwa kila sentimita ya mraba. Anzia hapo. Kichwa cha mashine hulipeleka doa hilo mbio huku na huko likachora mstari. Kasi ya mstari ikiwa 3000 mm kwa sekunde, kila nukta hupata mapigo kama matatu kwa mpito mmoja.

Jaribia mahali pasipoonekana. Kwa bomba la shokapu, ile sehemu ya juu inayobanwa na kibano cha usukani. Ongeza wati 5 kila mara mpaka kutu itoke kwa mipito miwili au mitatu. Ukitumia mashine ya wati 100, hutazamii kuvuka nusu ya nguvu yake.

Macho na mapafu

Kromu ni kioo, na mwanga wa nanomita 1064 hauonekani. Mwanga ulioakisiwa unaweza kukuharibu jicho kabla hujajua kimetokea nini. Miwani iandikwe 1064 na kiwango cha OD (kipimo cha jinsi lenzi inavyozuia mwanga huo) 6 au zaidi, na kila aliye chumbani avae, hata aliyekuja kuuliza bei. Miwani ya kuchomelea au ya jua si mbadala. Bomba la duara husambaza mwanga kama feni kuzunguka mwili wake, kwa hiyo kinga ya upande mmoja haitoshi: zungushia mabati yaliyopakwa rangi nyeusi isiyong'aa, funga mlango, na uondoe tangi la mafuta na matambara yote.

Moshi wake una nikeli, na huweza kuwa na kromu ya aina ya sita, inayosababisha saratani. Mdomo wa kifyonza moshi ukae sentimita 10 hivi kutoka unapopiga, na uvae barakoa yenye kichujio cha P3, daraja la juu la kuzuia chembe. Ya kitambaa haisaidii. Vumbi lifute kwa kitambaa kibichi. Usilipulize kwa kompresa.

Kazi yenyewe

Ng'oa bomba, toa sili (pete ya mpira inayozuia mafuta yasivuje) na mafuta, ufute kwa alkoholi ya isopropili. Grisi iliyobaki huungua na kuacha weusi unaogandia kwenye kromu.

Laza bomba juu ya roli ulizungushe kwa mkono, na mstari wa leza uende kwa urefu wa bomba. Ukiukatisha kwa upana, mzingo utakuharibia fokasi: kwenye bomba la mm 30, mstari wa mm 20 unashuka karibu mm 4 kwenye ncha zake. Inamisha kichwa nyuzi 10 hadi 15 ili mwanga usirudi kwenye lenzi.

Sikiliza. Leza ikiwa juu ya kutu, hutatarika kwa sauti kali na cheche nyeupe. Kutu ikiisha, sauti hufifia hata kama hujagusa kitu. Hapo ondoka. Kati ya mpito na mpito acha bomba lipoe. Likikuchoma mkono, unarudia mipito haraka mno.

Rangi ya manjano, kisha bluu, ni joto lililozidi: punguza marudio ya mapigo pamoja na wati, au ongeza kasi. Ukungu mweupe maana yake umeshayeyusha uso wa kromu, na hakuna polishi itakayourudisha kama ulivyokuwa. Weusi chini ya kishimo ni kutu iliyobaki. Rudia hapo tu, mstari ukiwa mfupi.

Kuziba, siku hiyohiyo

Chuma kilichovuliwa hushika kutu ndani ya saa chache kwenye hewa ya pwani. Osha kwa maji yaliyotoneshwa (distilled), kausha kwa hewa ya moto, futa kwa alkoholi. Kromu ya urembo ipake nta, au vanishi angavu kama haipati moto.

Kwa bomba la shokapu, kishimo kilicho nje ya njia ya sili, yaani sehemu ambayo sili haisuguani nayo, kinatoshwa na nta. Kilicho ndani ya njia yake kijaze epoksi ya sehemu mbili kiasi cha kuvimba kidogo, uache saa 24, kisha piga msasa wa maji namba 1000 na kumalizia 2000. Sugua kwa kuzunguka bomba. Mkwaruzo wa urefu ni mfereji wa mafuta, na sili mpya itavuja hata ungeilipia vipi. Vishimo vikiwa vingi au vipana zaidi ya mm 2, epoksi haitadumu. Peleka bomba likapakwe kromu upya. Fimbo ya haidroliki yenye shinikizo kubwa isijazwe epoksi hata kidogo.

Ukiona nukta za kahawia zinatoa jasho kesho yake kabla hujaziba, chumvi bado imo chini. Osha tena kwa maji ya aina ileile, kausha, na upige mpito mmoja kwa nguvu ileile.