Berlin kwa siku moja: njia ninayowapitisha wageni wangu wa nyumbani

Jamaa wanaonitembelea Berlin huja na orodha ileile: Lango la Brandenburg, Bunge, Ukuta. Nawapeleka kote huko. Lakini Mtanzania kuondoka mji huu bila kuona alama zinazotuhusu sisi, hilo silikubali, na ukipanga njia vizuri siku moja inatosha.

Nunua tiketi ya siku nzima, kanda AB. Kama haijagongwa muhuri wa saa, ichomeke kwenye kisanduku kilichopo kituoni kabla ya kupanda treni. Wakaguzi huvaa kiraia, na faini ni yuro 60. Kuba la kioo juu ya Bunge halina kiingilio, ila ni lazima ujiandikishe mapema, ikiwezekana mtandaoni, na uende na paspoti. Omba nafasi ya jioni. Jumatatu usiichague, makumbusho nitakayoyataja hufungwa.

Anzia langoni asubuhi, kabla ya makundi ya watalii. Lilikamilika mwaka 1791. Piga picha, endelea. Kusini kidogo kuna kumbukumbu ya Wayahudi wa Ulaya waliouawa, yenye nguzo 2,711 za zege. Usipande juu yake kupiga picha. Ingia katikati na utembee taratibu, ardhi inashuka mpaka zege inakuzidi kimo.

Karibu na hapo, Wilhelmstraße namba 92, tafuta bango la maelezo. Jumba la Bismarck, kansela wa Ujerumani, lilikuwa hapa. Kuanzia 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885 wakubwa walikaa humo wakipanga kanuni za kujitwalia Afrika, bila Mwafrika hata mmoja mezani. Kesho yake, 27 Februari, Kaizari aliipa hati ya ulinzi kampuni ya Carl Peters, yule aliyezunguka kwetu na mikataba yake ya hila. Likumbuke jina hilo.

Nenda kituo cha Unter den Linden, panda U6, treni ya chini ya ardhi, hadi kituo cha Naturkundemuseum, penye makumbusho ya viumbe. Mimi ni mtu wa Lindi, kwa hiyo hapa sina haraka. Ukumbini amesimama mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria aliyechimbwa kwetu Lindi, kimo zaidi ya mita 13. Mifupa ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, tani zaidi ya 200, na wapagazi waliibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Msimamizi mkuu wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Watoto ukiwa nao, wasimulie habari za hao wabebaji pale pale chini ya mifupa, maana macho yote yatakuwa kwenye shingo ya mjusi.

U6 hiyohiyo itakufikisha Afrikanische Straße. Mtaa huu una Sansibarstraße, Tangastraße na Usambarastraße, majina ya enzi za ukoloni. Ulikuwapo pia Petersallee. Agosti 2024 jina hilo liliondolewa: kipande kimoja kikapewa jina la Anna Mungunda, mpigania uhuru wa Namibia, kingine kikaitwa Maji-Maji-Allee. Piga picha chini ya kibao hicho, na uipeleke Songea.

Kisha U6 hadi Leopoldplatz, U9 hadi mwisho wake Osloer Straße, halafu U8. Ukitaka Ukuta, shuka Bernauer Straße. Mabaki yake yapo wazi, bure. Kituo kinachofuata ni Rosenthaler Platz. Nenda Brunnenstraße namba 193 uangalie chini, kwenye njia ya waenda kwa miguu. Kijiwe kidogo cha shaba kina jina la Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyekuwa askari wa Wajerumani angali mtoto. Alikuja Berlin mwaka 1929 kudai mishahara yake na ya baba yake. Hakulipwa. Alifundisha Kiswahili, akacheza filamu, na akafa mwaka 1944 huko Sachsenhausen, kambi ya mateso ya Wanazi. Mimi hubeba kitambaa, nikakisugua.

U8 tena, hadi Hermannplatz. Barabara iliyokuwa na jina la Wissmann, kamanda Mjerumani ambaye mwaka 1889 majeshi yake yalimnyonga Abushiri kule Pangani, tangu 2021 inaitwa Lucy-Lameck-Straße, kwa heshima ya mwanasiasa huyo, mama yetu wa Kilimanjaro. Vyakula vya bei nafuu vimejaa karibu na kituo, kula hapo. Kurudi Bungeni: U8 hadi Alexanderplatz, U5 hadi Bundestag, na fika robo saa kabla kwa ajili ya ukaguzi.