Kuondoa na Kuchagua Vitabu katika Maktaba ya Shule: Mwongozo kwa Walimu wa Kanda ya Ziwa

Rafu iliyosheheni kupita kiasi huficha vitabu vizuri. Mwanafunzi wa Kidato cha Pili anayetafuta kitabu kimoja cha Biolojia katikati ya nakala lukuki za muhtasari uliokwisha kufutwa, mafurushi ya magazeti na maboksi ya msaada ambayo hayajafunguliwa, hukata tamaa kabla hajakifikia. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na kuondoa, ndipo uje kwenye kuchagua, kwa kuwa pengo linaloachwa na kitabu kilichoondolewa ndilo linaloonyesha kwa usahihi kile ambacho shule inapaswa kutafuta.

Likizo ya Juni ndiyo wakati unaofaa zaidi kwa shule za Mwanza. Kidato cha Sita huwa wamemaliza mitihani yao na kurejesha vitabu, mvua za masika zimekatika, na ukavu wa miezi inayofuata unaruhusu vitabu vilivyoshika unyevu kuanikwa kivulini. Mwalimu wa maktaba, ambaye mara nyingi ni mwalimu wa Kiswahili au Historia aliyekabidhiwa ufunguo pamoja na vipindi vyake vyote, asiifanye kazi hii peke yake. Wakuu wa idara waitwe, kila mmoja kwa rafu za somo lake, na mwalimu wa taaluma awepo. Kabla ya hapo, mkuu wa shule aandae waraka mfupi, hata wa ukurasa mmoja, unaoeleza ni kitabu cha namna gani kitaondolewa, nani ataamua, na kitapelekwa wapi, kisha bodi ya shule iupitishe. Waraka huo huonekana kama urasimu hadi siku mzazi au mkaguzi anapouliza vitabu vimekwenda wapi.

Anza na rafu za sayansi na afya, yaani namba za 500 na 600 kwa shule zinazotumia mpangilio wa Dewey wa kupanga vitabu kwa namba za masomo, kwa sababu huko ndiko kitabu kilichopitwa na wakati kinakoweza kuleta madhara. Kijitabu kinachomwelekeza msomaji kutumia klorokwini, ambayo Tanzania iliacha kuitumia kama tiba ya kwanza ya malaria mwaka 2001, hakipaswi kubaki mahali ambapo mtoto atakichukua na kukiamini. Vivyo hivyo kwa vitabu vya UKIMWI vilivyoandikwa kabla dawa za kufubaza virusi hazijaanza kutolewa nchini, ambavyo humweleza kijana kwamba maambukizi ni hukumu ya kifo isiyo na rufaa. Katika darasa lenye wanafunzi wanaoishi na virusi, au wanaolelewa na wanaoishi navyo, kitabu hicho kinaumiza na tena kinapotosha. Vitabu vya aina hii viondolewe vyote, hata kama jalada linang'aa na hakuna kingine cha kuziba nafasi.

Hata hivyo, umri wa kitabu pekee usiwe hakimu. Kijitabu cha zamani kinachoeleza jinsi kimelea cha kichocho kinavyotoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya anayeoga au kuvua ziwani bado kinasema kweli, na kwa shule ya Ukerewe au Sengerema kina thamani kuliko ensaiklopidia mpya ya magonjwa ya nchi za baridi. Kinachopaswa kuulizwa ni kama maelezo yaliyomo bado ni sahihi na kama yanamhusu msomaji wa shule hii.

Katika Jiografia na Uraia, makosa ni mepesi kuyaona. Ramani inayoiweka Geita ndani ya Mkoa wa Mwanza ni ya kabla ya mwaka 2012. Kitabu kinachotaja nchi tatu tu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo sasa ina wanachama nane, kitamkosesha mwanafunzi alama. Na maelezo ya usafiri yanayomwambia msomaji kuwa njia ya kuvuka Kigongo kwenda Busisi ni kivuko peke yake yamepitwa na daraja lililofunguliwa Juni 2025. Ramani ya zamani, lakini, inaweza kuwa chombo kizuri mikononi mwa mwalimu wa Historia, mradi iandikwe mwaka wake kwa herufi kubwa na iondolewe kwenye rafu ya marejeo.

Vitabu vya kiada vinahitaji subira. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutekelezwa Januari 2024 kwa awamu, kwa hiyo kwa miaka kadhaa mitaala miwili inakwenda sambamba, na mwalimu anayefagia vitabu vyote vya zamani kwa mara moja huwaacha mikono mitupu wanafunzi watakaofanya mtihani wa mtaala wa awali. Nakala zibaki hadi darasa la mwisho linalozitumia limalize, kisha zibakizwe mbili au tatu za rejea. Riwaya na tamthiliya zilizoondolewa kwenye orodha ya vitabu teule ni suala jingine kabisa. Hadithi nzuri haiharibiki kwa kuacha kutahiniwa, na zipo riwaya zinazosomwa kwa raha zaidi mara zinapoachana na maswali ya mtihani.

Daftari la kuazima litasaidia, lakini lisomwe kwa uangalifu. Kitabu ambacho hakijaazimwa kwa miaka mitano kinastahili kuhojiwa, si kutupwa moja kwa moja, kwa sababu wanafunzi wengi husoma humo humo maktabani bila kuandikwa. Waagize waache vitabu mezani badala ya kuvirudisha rafuni, kisha kila jioni viandikwe kabla ya kupangwa; kwa muhula mmoja tu picha halisi ya usomaji itaonekana.

Kuhusu uchakavu hakuna mengi ya kueleza. Kilicholiwa na mchwa au kuota kuvu kitengwe siku hiyo hiyo ili kisiambukize jirani zake, na kilichoachia gamba kitengenezwe kwa gundi nyeupe na uzi, kamwe si kwa seloteshi, ambayo hugeuka njano na kuondoka na karatasi.

Yapo maandishi ambayo hayaondolewi kwa kigezo chochote kati ya hivi: magazeti ya Mei 1996 yenye habari za kuzama kwa meli ya MV Bukoba, vijitabu vya Makumbusho ya Bujora, historia za Usukuma na Ukerewe hata zikiwa zimepigwa chapa kwa taipureta, na kumbukumbu za shule yenyewe. Maktaba nyingine haitakuwa nayo. Yawekwe kabatini, yasomwe chini ya usimamizi.

Vitabu vya shule ya serikali ni mali ya umma, hivyo orodha ya vinavyoondolewa, pamoja na namba zake za leja na sababu, ipelekwe kwa mkurugenzi wa halmashauri kupitia kwa mkuu wa shule, na hakuna kitakachotoka getini kabla ya kibali. Baada ya kibali, kila kitabu kigongwe muhuri wa kuondolewa na kufutwa katika leja. Tahadhari hii si ya bure, kwani ukurasa wenye muhuri wa shule ukionekana umefungia karanga sokoni Kirumba, maelezo yatatafutwa kwa mwalimu wa maktaba. Vilivyo vizima vinaweza kupewa shule jirani inayovihitaji, lakini kitabu kilichoondolewa kwa sababu kinapotosha kisipelekwe kisiwani kupotosha wengine.

Rafu zikishapungua, na ni vema robo ya kila rafu ibaki wazi, orodha ya mahitaji itakuwa imejiandika yenyewe. Kabla ya kununua, fungua kwanza Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, kwa kishikwambi au kompyuta, uone ni vitabu gani vya kiada vinapatikana humo, ili fedha kidogo iliyopo iende kwenye vitabu vya ziada na hadithi. Dukani, soma ukurasa wa hakimiliki na utofautishe mwaka wa toleo na mwaka wa chapa, kwa sababu kitabu kilichochapwa 2021 kinaweza kuwa na maneno yale yale ya toleo la 1998. Pitisha vidole kurasa zote. Nakala za wizi mara nyingi huwa na kurasa zilizofifia, zilizorukwa au zilizojirudia. Kisha mpe mwanafunzi wa kawaida, si yule wa kwanza darasani, asome ukurasa mmoja kwa sauti. Akikwama katika kila sentensi, lugha ya kitabu hicho imemzidi, na hili ni muhimu zaidi kwa mtoto aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili na kukutana na Kiingereza katika Kidato cha Kwanza.

Msaada wa vitabu kutoka nje uchujwe kwa vigezo hivyo hivyo, tena kabla haujasafirishwa. Mfadhili aombwe orodha ya majina na miaka ya matoleo, na shule ijibu kwa barua ya heshima ikitaja inachokubali, inachokataa, na vichwa vitatu au vinne ambavyo angeweza kuvinunua papa hapa Mwanza kwa gharama ileile ya kusafirisha boksi.